Mwani Chini ya Blanketi

Rafiki yangu msusi si mtu wa kuzusha mambo. Hata umbea wa saluni humchosha. Kutwa anasuka vichwa vya watu, jioni anarudi miguu imemvimba, anakuta tangi la samaki la maji ya chumvi, aliloachiwa na mumewe msafiri alitunze, limejaa mwani mrefu kama nywele. Akiung'oa leo, kesho umeota tena.

"Mwenzangu, nimechoka nao mpaka basi," aliniambia.

Muuza samaki wa mapambo akamwelekeza: "Zima taa yake, dada, ulifunike kwa blanketi zito siku tatu. Usichungulie. Mwani ukikosa mwanga utakufa."

Akalifunika. Kila alipojilaza kwenye kochi, alisikia maji yakichezewa taratibu mle gizani, na mkwaruzo mwepesi alioujua vizuri: chanuo likipita kwenye nywele zilizolowa. Akajiambia ni uchovu tu, usingizi ukampitia.

Siku ya kulifunua, samaki walikuwa wamejibanza kona moja. Mwani haukufa. Ulikuwa umesukwa, mistari imenyooka, misuko myembamba iliyobana kuliko ya mkono wake. Msuko wa mwisho ulikuwa umefika nusu tu, na mafungu yake matatu yalikuwa yametengana, yamekazika, kama bado yameshikwa.