Shikamoo Kwenye Ukungu wa Soni

Zubeiri wa Chumbageni, aliyepika kwenye meli miaka ishirini na kusalimiana na watu wa kila rangi toka Beira mpaka Karachi, alikwenda kuaibikia Soni, asubuhi na mapema, mbele ya wanawake wanne waliokuwa wakichimba viazi. Aliiamkia sanamu ya kutishia ndege.

Ilikuwa siku ya kwanza milimani. Mkewe Hafsa alikuwa na kifua cha miezi saba, na daktari alisema huenda hewa ya milimani ikamfaa. Basi Zubeiri akalijaza gari lake kuukuu mablanketi, tambi na chupa tatu za chai, wakalala Mombo, alfajiri wakaanza kupanda. Soni wakasimama ili Hafsa apumue. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Pembeni mwa shamba akamwona mzee wa koti jeusi na kofia, amesimama, mikono ameinyoosha kando.

"Shikamoo, mzee!"

Akangoja kwa adabu zote. Akarudia kwa sauti kubwa, akidhani mzee wa watu ni kiziwi.

Wanawake wakaangua kicheko. Ndani ya gari Hafsa akacheka mpaka akakohoa. "Baba Tuhfa, muulize na hali ya watoto!"

Mmoja tu hakucheka, msichana ambaye wenzake walimwita Precious. Alimsogelea Zubeiri, akanong'ona.

"Baba, huku shikamoo haiachwi kwenye ukungu bila wa kuitika. Huwa inangoja. Niamkie mimi, niitikie, yaishe."

"Mimi nikuamkie wewe?" Zubeiri alicheka. "Na mvi zote hizi? Huko Tanga nitaonekana wapi?"

"Nakuomba, baba."

Akampungia mkono, akaondoa gari.

Siku ya pili walitoka Lushoto kuelekea Mtae. Saa nne asubuhi ukungu ukawafunika, mweupe kama tui. Zubeiri aliwasha taa, akaenda mwendo wa kinyonga. Gari lilikuwa zito mlimani, kama limeongezwa abiria. Akatania kwamba ni zile tambi. Hafsa hakucheka. Alikuwa ananusa.

"Unasikia harufu ya udongo?"

Kisha, nyuma yao, sauti kavu ya mzee.

"Marahaba."

Zubeiri akafunga breki. Hakugeuka. Alitazama kioo. Kiti cha nyuma hakikuonekana. Ulikuwa ukungu tu. Ndani ya gari.

"Hujambo, mwanangu?"

Alimfinya Hafsa paja. Nyamaza. Lakini Hafsa alilelewa Pangani, na bibi aliyekuwa akimchapa kila alipomwacha mkubwa bila jibu. Adabu ilimtoka kabla ya akili.

"Sijambo."

Kikohozi kikakatika. Miezi saba, kikakatika pale pale. Zubeiri alikaribia kushukuru. Ndipo alipoona mikono ya mkewe inanyanyuka. Polepole. Mmoja ukagonga dirisha. Mwingine ukapita mbele ya kifua cha Zubeiri. Ikasimama hivyo, migumu kama mti.

Ukungu ulipotoka garini, kwenye kiti cha nyuma palikuwa na koti jeusi, limelowa, kifungo chake kimoja ni msumari.

Akamrudisha nyumbani. Masheikh walisoma, madaktari walipima. Mikono haikushuka. Hafsa hakohoi. Haongei. Anatazama mbele tu, hapepesi. Na kunguru wa Chumbageni, wasioogopa mtu wala jiwe, hawatui tena kwenye paa lile. Wakilikaribia, wanapinda.

Juma la pili Zubeiri alipanda Soni peke yake. Penye sanamu palikuwa na miti miwili tu iliyofungwa kwa kamba, mitupu. Precious alikuwa pale pale na jembe lake. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita, mvi zake zote, akapiga magoti matopeni mbele ya wanawake wale wale. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Shikamoo," alisema. "Shikamoo, mwanangu. Niitikie, nakuomba."

Precious alifuta tope kwenye jembe kwa kiganja. Hakumtazama.

"Imeshaitikiwa, baba. Inuka, unatupondea viazi."