Bisibisi Nyuma ya Sikio

Jamani, wenye watoto na msio nao, nisogeleeni kidogo. Mimi ni fundi cherehani, nimeshona nguo za watu miaka thelathini na moja, na mdomo wangu hauna vifungo. Nitakayosema nimeyaona mwenyewe, mengi kupitia dirisha la chumba changu cha kushonea, linalotazama ua tunaoutumia nyumba tatu. Na pale nilipokosea mimi nitapasema pia. Nyani haoni kundule, lakini mimi langu nimeshaonyeshwa.

Ua wetu una mteremko. Juu kuna banda la mabati, chini kuna tangi la maji la zege. Jumamosi asubuhi ulikuwa mahali pa raha. Mama Chiriku alikuwa ameondoka tangu alfajiri kwenda kuoka mikate, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku tanuri lao halipumziki. Mumewe, tuliyemwita Fundi Lifti kwa ajili ya kazi yake ya kutengeneza lifti kwenye majengo marefu, alikuwa bandani na gari lake. Binti yao wa miaka minane alikuwa akihama baina ya banda la baba yake na kigoda kilicho kando ya cherehani yangu, akinichagulia vifungo na kunisimulia habari za dunia nzima. Alianza kusema akifumbua macho na kunyamaza akiyafumba, ndiyo maana ua mzima ukamwita Chiriku.

Sasa niwaambie habari za hilo gari. Lilikuwa gari la michezo la milango miwili, la kizamani, fupi kiasi kwamba kuingia ndani lazima uchuchumae kama unatafuta shilingi chini ya kitanda. Alilinunua likiwa maiti. Kwa miaka mitatu alilibadilisha kiungo kwa kiungo: injini yenye nguvu zaidi, springi za kulishusha, rimu pana, usukani mdogo kama sahani. Viti nilivishona mimi, kwa ngozi nyeusi na uzi mwekundu, na siwafichi, nilijisikia mtu. Wala sikumwona mjinga. Ni mwanamume asiyelewa, asiyezurura, ambaye ukimtaka unajua pa kumpata. Mkewe alikuwa akinitania, "Heri mke mwenza wa bati, mama. Hana mdomo." Kipendacho roho hula nyama mbichi, na starehe ya mtu si kosa.

Kosa lilianza na mafua.

Msimu wa mvua Chiriku alishikwa na mafua yasiyokwisha. Usiku alilia sikio, asubuhi mto ukawa na doa. Mama yake akamtia matone ya dukani, maumivu yakaondoka, wote tukashukuru. Lakini wiki chache baadaye mama akaanza kuona jambo. Akimtuma mtoto kitu akiwa amempa mgongo, mtoto hatikisiki. Akimwambia wakitazamana, anakwenda mbio. Akaulizia hospitali, akaambiwa kliniki ya masikio hupokea watu Jumamosi asubuhi tu. Yeye Jumamosi hana ruhusa. Baba Jumamosi yuko nyumbani. Basi jambo lilikuwa jepesi tu.

Jioni moja akamfuata mumewe bandani. Mimi nilikuwa dirishani natia uzi kwenye sindano.

"Baba Chiriku, mtoto hasikii vizuri," alisema. "Namwita kama niko ng'ambo ya mto."

"Hasikii? Huyu?" Fundi Lifti akacheka, si kwa dharau. "Hebu ngoja uone."

Hapa nisikilizeni vizuri, maana kisa chote kiko hapa. Mafundi wana namna yao ya kusikiliza injini. Wanachukua bisibisi ndefu, ncha wanaigusisha kwenye injini inayounguruma, kishiko wanakikandamiza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Mlio wa ndani unapanda na chuma, ukaonekana uko kichwani mwako. Fundi Lifti alikuwa amemfundisha bintiye mchezo huo, na mtoto aliupenda kuliko mwanasesere. Basi akawasha injini, akampa bisibisi. Chiriku akafumba macho, akatulia.

"Ya tatu inagonga, baba. Tik, tik, halafu inanyamaza."

Baba akainama, akasikiliza mwenyewe. Kweli, silinda ya tatu ilikuwa inagonga. Akamgeukia mkewe uso ukimeremeta.

"Sikio kama hili wangapi wanalo? Mtoto anasikia kuliko wewe na mimi. Ni utundu tu huo, hataki kutumwa."

Mama akatamani sana kuamini. Nani asingetamani? Akamshika mtoto kichwa, akaingia ndani.

Hata hivyo moyo wa mama hautulii. Akaomba mtoto apelekwe tu, kuondoa shaka, na mume akakubali kwa roho safi. Jumamosi ijayo, alisema. Jumamosi hiyo turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, aliyoisubiri miezi miwili ikaletwa mlangoni, akasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata ikawa kuifunga, kisha kuifungua kwa kuwa ilivuja. Kisha kulikuwa na mafundi wenzake waliokuja kuangalia ekzosi mpya ya kutolea moshi, na huwezi kuwaacha wageni. Kila Jumamosi ilikuwa na sababu yake, na ukiitazama peke yake ni sababu nzuri kabisa. Hakuna siku hata moja aliyosema hampeleki.

Wakati huo huo mtoto alikuwa anapotea mbele ya macho yetu. Shuleni mwalimu wake aliandika kwamba hasikilizi, yumo ndotoni, akamhamishia kiti cha nyuma. Baba akamkaripia. Chiriku akazidi kupunguza maneno. Na mimi je, mwenye mdomo huu? Siku moja nilimwita mara tatu aniletee mkasi, yuko hatua nne tu mbele yangu, hakugeuka. Nikamwambia dada yangu yule mtoto ameota kiburi, na kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nilisema hivyo, kwa kinywa hiki. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Ikaja Jumamosi ya breki.

Gari sasa lilikuwa na mbio kupita kiasi, Fundi Lifti akaamua kulifungia breki kubwa. Mpango wenyewe ulikuwa wa busara. Akang'oa breki zote za zamani, za mguu na ya mkono, akarudisha magurudumu ili alisogeze gari kidogo nje ya banda apate mwanga. Akalisukuma taratibu huku amesimama kando, mkono mmoja ameupitisha dirishani kwenye usukani, na lilipotoka akasukumia kipande cha ubao mbele ya gurudumu kwa mguu. Injini ilikuwa imezimwa. Chini, karibu na tangi, Chiriku alikuwa amechuchumaa anachora nyumba sakafuni kwa chaki yangu ya kupimia nguo. Alikuwa ametupa mgongo.

Ubao ukateleza.

Gari likaanza kushuka, polepole kwanza, halafu si polepole tena. Halikuwa na sauti. Fundi Lifti alilivuta kwa mwili wake wote, viatu vikiburuzika. "Chiriku, ondoka!" akapaza sauti. Na mimi nikapaza dirishani, nikaliita jina lake mpaka koo likaniuma. Mpita njia wa nje ya ukuta alituambia baadaye kwamba alidhani nyumba inaungua. Chiriku alikuwa anachora mlango wa nyumba yake. Akaweka kitasa.

Ndipo baba akaukamata usukani ule mdogo kama sahani na kuukata kwa nguvu zote. Gari likapinda, likaenda kulipiga tangi kwa pua. Taa moja ikavunjika, boneti ikakunjika, tangi likapasuka na maji yakamwagika. Kutoka kwenye rimu mpaka mgongoni kwa mtoto hapakutimia hatua moja.

Chiriku aligeuka maji yalipomfikia miguuni na kufuta mchoro wake. Akalitazama gari. Akamtazama baba yake.

"Baba, mbona hukuniita?"

Fundi Lifti akakaa chini palepale, ndani ya maji. Hakulitazama gari hata mara moja. Alimtazama mtoto, na mimi nilimwona anaanza kuelewa, kidogo kidogo, kama mtu anayeamka.

Hatukubadilisha hata nguo. Yeye na grisi zake, mimi na sindano bado kifuani, tulikodi teksi tukafika kliniki kabla haijafungwa. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, asiye na haraka. Fundi Lifti akamweleza yote. Lakini, mnajua binadamu alivyo, bado alikuwa na tumaini lake moja. Akasimulia habari za bisibisi na silinda ya tatu. Inawezekanaje mtoto asikie injini ikigonga halafu asisikie jina lake?

Daktari akafungua droo, akatoa chuma kidogo chenye meno mawili kama uma. Akakigonga gotini kikavuma, akakiweka kwenye mfupa nyuma ya sikio la Chiriku. Mtoto akatabasamu, akainua mkono kwamba anasikia. Daktari akakigonga tena, akakishika hewani karibu kabisa na tundu la sikio. Mtoto akangoja. Akaendelea kungoja. Akatutazama sisi kuuliza kama mchezo umekwisha.

Fundi Lifti alikuwa amekikodolea macho kile chuma. Alikuwa anaiona bisibisi yake.

"Ulimpima kweli, baba," daktari alisema taratibu. "Ila ulipima mfupa. Mlio ukipita mfupani unafika. Maneno ya watu yanapita hewani, na huko nyuma ya ngoma za masikio yake kumejaa maji mazito. Wewe uliona ushahidi kwamba yu mzima. Mimi naona huo ndio ugonjwa wenyewe."

"Na ningemleta mwanzoni?"

"Mwanzoni pengine dawa na kumfuatilia tu vingetosha. Sasa itabidi tupasue. La kulia nina matumaini nalo. La kushoto usaha umeshalila."

Fundi Lifti alikwenda mwenyewe kumwambia mkewe, mimi nikiwa nyuma yake, mlangoni pa tanuri, yule mama akiwa na unga mpaka nyusini. Nilidhani atampigia kelele, na ningemsaidia. Hakupiga. Aliuliza jambo moja tu, zimepita Jumamosi ngapi. Mume akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akaanza upya. Kumi na nne. Mama akarudi ndani kwa sababu mikate ilikuwa inaungua, na mimi nikalia kwa niaba yake.

Chiriku alipasuliwa, akapona vizuri. Siku ya tatu baada ya kurudi alikuja akakaa kwenye kigoda chake. Mimi nikakanyaga cherehani kama kawaida. Akaruka, akaishika meza.

"Bibi," akasema, "kumbe cherehani yako inapiga kelele!"

Jamani. Mtoto alikuwa amekaa kando yangu miezi ile yote, cherehani inamlilia mbavuni, naye haisikii. Na mimi nilikuwa nimemshonea kiburi. Nilimkumbatia nikamwomba msamaha, akaniambia nisibane, namwangushia vifungo.

Sikio la kulia limerudi lote. La kushoto halikurudi, na halitarudi. Shuleni anakaa kiti cha mbele, upande ambao sikio zima linamwelekea mwalimu. Maneno yake yamerudi pia, tena kwa deni la miezi yote ile, hata nyakati nyingine namwomba apumzike nishone. Gari bado lipo. Fundi Lifti hakuliuza, wala mkewe hakumtaka aliuze. Breki amezifunga na boneti ameinyoosha, lakini ile taa iliyovunjika hajaigusa. Watu wakimuuliza, anasema ameiacha makusudi, imkumbushe Jumamosi zake.

Funzo

Simkatazi mtu gari lake, wala njiwa wake, wala mpira wake. Binadamu bila kitu cha kupenda anakauka. Lakini starehe ina tabia moja: haikuombi umwache mtoto wako, inakuomba wiki moja tu. Kisha inakuomba wiki moja tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta ambazo hata ukizijenga hazisimami.

Funzo la pili ni kwa wajuzi, wa lifti, wa cherehani, wa chochote. Ujuzi wako unajua kazi yako. Usimpime mtoto kwa kipimo cha injini, na mke wako akikwambia neno la nyumbani usimjibu kwa lugha ya banda. Yeye ndiye aliyemwita mtoto asiitikiwe.

Na la mwisho ni letu sisi wa madirishani, tunaoona mengi na kuhukumu haraka. Mtoto asipoitika, kabla hujasema ana kiburi, nenda nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka usimkaripie. Mpeleke, na umpeleke Jumamosi hii.

Mimi kila asubuhi nasimama dirishani, namwita kwa sauti ndogo, "Chiriku." Anageuka kwa upande wake wa kulia, anauliza, "Nini, bibi?" Namwambia si kitu, nilikuwa nakuita tu. Kisha narudi kushona.