Dawa Niliyogawana na Ndugu Yangu

Nina miaka sabini na sita. Siku niliyokubali kugawa dawa zangu za kifua kikuu nilikuwa mtu mzima, nimesoma hadi kidato cha nne, na nilikuwa nimeonywa. Ningesema hapana... Sikusema.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mtunza stoo ya mahindi kwenye shamba moja huko Endebess. Nilikohoa miezi mitatu, nikapimwa makohozi Kitale, nikaanzishiwa matibabu. Muuguzi alinipa vidonge vya mwezi mzima. Nimeze kila asubuhi, akasema, nisiruke hata siku moja, na kila mwezi nirudi kuchukua vingine.

Mwezi wa pili nilikwenda nyumbani Malakisi kumwona mama. Nilimkuta kaka yangu Wanjala, mkulima wa tumbaku, anakohoa damu. Majirani walidhani ni moshi wa banda la kukaushia tumbaku, naye akawaacha wadhani hivyo. Siku zile ukionekana kwenye foleni ya kifua kikuu, watu walinong'ona kwamba una ule ugonjwa mpya usio na tiba. Wanjala aliapa kwamba hatakanyaga hospitali.

Mama aliniita jikoni.

"Ninyi mlikula sahani moja," akaniambia. "Leo unataka kupona peke yako?"

Nilimwaga vidonge mezani nikavigawa mafungu mawili, kama tulivyogawana nyama ya kuku tukiwa watoto. Kila mmoja angemeza leo, kesho aruke.

Na tukapata nafuu! Hilo ndilo lililotudanganya. Wanjala alikuja Endebess kila mwezi kuchukua fungu lake, amenawiri, anacheka.

"Bana, hii dawa yako! Ati sasa nakojoa soda ya machungwa!"

Dawa ile iligeuza mkojo rangi ya machungwa, na mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Nami nikacheka. Muuguzi aliponiuliza kama namaliza dawa zote, nilimwambia ndiyo, huku namtazama machoni.

Baada ya miezi mitano kikohozi kilirudi kwetu sote wawili. Tulimzika Wanjala kabla ya mavuno ya tumbaku. Mimi nililala nyumbani wiki nyingi, naona haya kurudi Kitale. Aliyeniuguza ni binti yangu Nafula, aliyekuwa akingojea kuingia chuo cha ualimu. Alininywesha uji. Alinishika mgongo nilipokohoa...

Kisha naye akaanza kukohoa.

Nafula hakuruka dawa hata siku moja. Alitia alama kwenye kalenda kila alipomeza. Lakini alizidi kukonda. Tukampeleka hospitali moja mjini Bungoma, na makohozi yake yakatumwa Nairobi. Majibu yalipokuja, daktari aliniita peke yangu.

"Mzee, wewe dawa zako ulimeza zote?"

Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza!

"Wewe si ni mtu wa stoo? Ukinyunyizia mahindi dawa kidogo, wadudu gani wanabaki?"

"Wenye nguvu," nikasema.

"Na hao wanazaa wadudu gani?"

Nilikuwa nimeelewa. Vijidudu dhaifu vilikufa kifuani mwangu. Vilivyoistahimili dawa vikabaki, vikazaana, nami nikamkoholea mtoto wangu. Dawa nyingine zilikuwepo, daktari alisema, lakini huku kwetu hazikufika.

Siku moja Nafula aliniuliza, "Baba, si ulisema hii dawa inaponya? Mimi nimemeza zote."

Nilimwambia avumilie. Nilishindwa hata kumkiria kosa langu.

Mimi nilipona, baada ya sindano za miezi mingi, zilezile ambazo hazikumfaa Nafula. Daktari alisema nina bahati. Nilimshukuru, nikaenda nyumbani, nikakaa.

Ndugu wasomaji, dawa uliyopewa imeze hadi mwisho, hata ukijisikia mzima. Usimgawie mtu, hata mama akilia! Mgonjwa wako mshike mkono mwende naye hospitali, watu waseme watakavyo. Mbona mimi sikumshika mkono Wanjala? Niliogopa kumuudhi mama. Ni hilo tu.

Niligawa dawa za mtu mmoja kwa watu wawili. Hazikumponya kaka yangu. Binti yangu Nafula alikufa kwa sababu hiyo, akiwa na miaka kumi na tisa.