Jiwe la Saba

Msomaji alikuwa ameshatundika mkoba begani, viatu vya ofisini ameshavivua na kuvaa ndala za njiani, bosi alipochungulia mlangoni na kumwomba jambo moja dogo tu: amchapishie maoni ya wachezaji ya siku ile, akayasome nyumbani.

Jina la Msomaji alipewa na wenzake. Ofisi yao ilitengeneza michezo ya kompyuta, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mapazia, na kazi yake ilikuwa kusoma kila neno ambalo wachezaji waliwaandikia. Sifa, malalamiko, matusi ya nguoni, vyote vilipitia machoni pake. Jina likamganda, hata mfagizi alimwita hivyo.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu watoe sehemu ya pili ya Mlinzi wa Lango. Ile ya kwanza ilipendwa kupita kiasi. Ulikuwa mchezo wa panga, wa kukwea kuta na kunyata juu ya mapaa ya mji wa kale wenye ngome. Watu waliisubiri ya pili miaka minne, wakihesabu siku. Ilipotoka, wakaichanachana. Mji mzuri, waliandika, mapigano safi, lakini mchezo hauna roho. Neno hilo, roho, lilirudiwa mara nyingi kiasi kwamba bosi alikuwa hapati usingizi.

Mashine ikaanza kutema karatasi. Msomaji akaiokota ya kwanza, akaisoma kwa mazoea tu, akili iko kwenye mboga atakazopitia kununua.

"Nyota tano. Bibi wa kisimani amenitoa machozi."

Akaokota ya pili.

"Bibi wa kisimani amejuaje jina nililoitwa utotoni?"

Ya tatu.

"Baada ya kumshika mkono, kiganja changu kililowa. Nilidhani ni jasho. Lakini jasho halinuki tope…"

Akasimama pale, ndala mguuni, mkoba begani. Hadithi ya mchezo ule aliisoma neno kwa neno kabla haijatoka. Kisima kilikuwamo.

Bibi hakuwamo.

Mchoraji alikuwa bado mezani kwake, kona ya dirisha. Ndiye aliyejenga mji wote wa mchezo, mtaa kwa mtaa, akiiga magofu halisi aliyokwenda kuyapima na kuyapiga picha. Msomaji akamwekea zile karatasi mbele.

"Huyu bibi umemweka lini?"

Mchoraji alisoma mstari mmoja. Uso ukamshuka.

"Sijamweka."

"Nani kamweka?"

"Punguza sauti," akanong'ona. Akaangalia mlango. "Kule magofuni kuna kisima. Kilifunikwa kwa mawe saba. Nilitaka picha ya ndani, nikayaondoa. Yote saba. Kisha giza likaanza kuingia, nikaondoka bila kuyarudisha."

"Ukaondoka tu?"

"Nilikimbia. Nilisikia mtu kule chini anasema asante."

Msomaji akavuta kiti, akakaa.

"Na kwenye mchezo, mchezaji anafanya nini pale kisimani?"

"Anaondoa mawe saba. Ndivyo anavyopata ufunguo wa ngome." Akabonyeza vitu kwenye kompyuta yake, namba zikajitokeza. "Hadi sasa hivi… watu laki nne na ushee wameyaondoa."

Chini, mwenye duka la mapazia alikuwa akishusha mlango wa chuma, krrrr, mpaka chini.

Ndipo Msomaji alipomkumbuka mama mkwe wake.

Mume wa Msomaji alikuwa kikazi mbali, mwezi wa pili sasa, na nyumbani walibaki wawili. Mama mkwe alikuwa fundi cherehani hodari hadi magoti yalipomgomea. Msomaji alimletea sehemu ya kwanza ya mchezo ili asichoke kukaa, naye akanaswa nao kabisa, na ya pili ilipotoka akaianza siku ileile. Mafundi wenzake wakija kumjulia hali, aliwakalisha kwenye kochi wamtazame anavyokwea mnara, miwani puani, ulimi kauuma kwa pembeni. Na asubuhi ile, akikoroga chai, alikuwa amesema kwa furaha:

"Leo, mkwe wangu, nafika kisimani."

Mboga hazikununuliwa. Msomaji alipofika, jua lilikuwa limeshazama na nyumba haikuwa na taa hata moja. Sebuleni kulikuwa na mwanga wa runinga tu, wa buluu, ukitetemeka ukutani.

Na harufu.

Harufu ya tope la siku nyingi, kama la chini ya tangi lisilosafishwa miaka.

"Mama? Hodi…"

"Shh," alisema mama mkwe bila kugeuka.

Kwenye runinga palionekana mdomo wa kisima, mawe saba yametupwa pembeni. Ndani ya kisima ulikuwa umetoka mkono. Juu ya ukingo kilionekana kipaji cha uso kilichofungwa kitambaa cheusi, basi. Macho yalikuwa bado kizani.

"Mwanangu," sauti ilisema taratibu. "Umechelewa sana. Nilikuwa nikikuita tangu…"

Msomaji alirukia waya ukutani, akauchomoa.

Runinga ikazima.

"…tangu ulipoanza kutembea," sauti ikamalizia, gizani.

Alipowasha taa, alimkuta mama mkwe amekaa vilevile, pedi ya kuchezea gemu mapajani, machozi yakimtiririka.

"Mama yangu alikufa nina miaka mitatu," alisema. "Miaka yote hii sauti yake sikuikumbuka. Nilijaribu mpaka kichwa kikaniuma. Sasa naikumbuka."

Msomaji alimshika kiganja cha kulia. Kilikuwa baridi, kimelowa chapachapa. Akakifuta kwa khanga. Kikalowa tena. Akakifuta. Kikalowa.

"Acha, mkwe wangu," mama mkwe alisema kwa upole. "Haniumizi."

Baada ya muda akauliza, kama mtu anayeuliza saa:

"Hivi ufunguo wa tangi la maji la uani huwa unauweka wapi?"

Kesho yake asubuhi, kabla ya kutoka, Msomaji aliutia ufunguo ule ndani ya sidiria yake.

Mchoraji alikuwa ameondoka alfajiri na gari la ofisi kwenda magofuni. Alirudi saa kumi jioni, suruali imejaa tope hadi magotini, akawakuta Msomaji na bosi wakimngoja.

"Nilirudisha jiwe la kwanza," alisema. "Nikageuka kuchukua la pili. Kugeuka tena, la kwanza liko nje. Nilifanya hivyo mpaka mikono ikachubuka. Mama anayekata tiketi pale getini akaja, akaniambia nisijisumbue. Kile kisima hakifunikwi na yeyote tu. Kilifunikwa na wanawe."

"Wana wa nani?" bosi aliuliza.

"Wa huyo mwanamke. Wapo wanaosema alikuwa mchawi. Wapo wanaosema alikuwa mama tu, ila hakutaka mtoto wake hata mmoja aende mbali. Alikuwa na watoto kumi na wawili." Mchoraji aliangalia mikono yake. "Waliobaki kuja kumfunika walikuwa saba. Kila mmoja jiwe lake."

Bosi alicheka kidogo, cheko kavu. Nyota za mchezo wao zilikuwa zimepanda kutoka mbili na nusu hadi nne na ushee, na mitandaoni watu walikuwa wakiandika kwamba sehemu ya pili sasa imeipita ya kwanza. Sasa ina roho, waliandika. Nani angetaka kuigusa?

Msomaji hakubishana naye. Alimsogezea karatasi moja aliyoichapa mchana.

"Bibi kaniambia niache kuja kwake kupitia mchezo, ni mbali. Anasema nimfuate kwenye kisima chetu, nyuma ya nyumba. Nitakwenda Ijumaa."

Nyuma ya hiyo zilikuwapo nyingine thelathini na moja. Kisima cha jirani. Pipa la mvua. Bwawa la shule. Wote Ijumaa.

"Mama mkwe wangu ananiomba ufunguo wa tangi," Msomaji alisema. "Kaniomba mara tatu tangu jana."

Bosi aliinua macho, akayashusha. "Tufanyeje?"

"Anawaita wachezaji wanawe. Wamemshika mkono, wamekuwa wanawe. Basi wao ndio wanaoweza kumfunika."

Usiku huo na siku yote iliyofuata Mchoraji hakuondoka kitini. Alhamisi saa nane mchana sasisho likatoka, likiwa na kazi moja mpya kwa kila mchezaji: rudi kisimani, rudisha mawe saba.

Msomaji alikuwa akijua matusi ya wachezaji wa kila aina. Hakuwahi kuona maoni kama ya mchana ule. Hawakutukana. Walisihi.

"Mnataka nimfunike bibi yangu mzima mzima?"

"Tafadhali. Hana mtu mwingine."

"Nyinyi hamna mama?"

Saa kumi na moja alikuwa nyumbani, amepiga magoti kwenye zulia pembeni ya mama mkwe wake. Pazia alilifungua lote, dirisha wazi, mwanga wa jioni umejaa chumbani. Runinga waliiwasha pamoja.

"Siwezi," mama mkwe alisema.

"Unaweza, mama. Huyu si mama yako."

"Unajuaje? Wewe ulimsikia mama yangu?"

Msomaji akasema jambo la pekee alilokuwa nalo.

"Mwanao atarudi mwisho wa mwezi. Nitamwambia nilikuwa wapi mama yake alipoingia tangini?"

Mama mkwe akapangusa miwani kwa upindo wa gauni, akaichukua pedi. Maji yalidondoka kutoka kiganjani mwake, tone, tone, juu ya zulia.

Jiwe la kwanza likaingia mahali pake kwa kishindo kizito. Vikombe kabatini vikalia.

"Polepole, mwanangu," sauti ilisema. "Unaniumiza."

La pili. La tatu. Mama mkwe alikuwa akilia kimyakimya, midomo ikimcheza. La nne. Sasa sauti ilitoka mbali, kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. La tano. Harufu ya tope ilipungua, hewa ya dirishani ikaingia. La sita.

Sauti ilinyamaza.

Pakabaki pengo moja jeusi, upana wa kichwa cha mtu.

"Bado moja," Msomaji alinong'ona. "Moja tu, mama."

Mama mkwe alisikiliza. Alisikiliza kitu ambacho Msomaji hakukisikia, shingo kaiinamisha upande mmoja, na polepole uso wake ukalainika kama wa mtoto anayebembelezwa. Akaiweka pedi chini.

"Nimemwachia pa kupumulia," alisema.

Msomaji aliikamata pedi mwenyewe, akabonyeza kila kitufe. Jiwe halikutikisika. Alimsihi, akamkaripia hata, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia tangu aolewe. Mama mkwe alimpapasa kichwa, akaenda zake jikoni kuchemsha chai. Kiganja alichompapasia kilikuwa kikavu. Kikavu na cha moto, kama cha mtu yeyote.

Wala hakuulizia ufunguo tena.

Usiku ule Msomaji alilala mkeka umetandikwa mlangoni pa chumba cha mama mkwe. Hakuna aliyetoka. Ijumaa ikaingia. Ofisini alisoma ujumbe wa asubuhi ile wa wale thelathini na wawili, mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwa hai. Hakuna aliyekwenda kisimani. Bosi alikaa chini, akajifunika uso kwa viganja, akashusha pumzi kama gurudumu linalotoka upepo. Akaagiza soda kwa wote.

Mchoraji hakunywa. Alikuwa amekodolea namba zake.

"Laki mbili wameshaanza kurudisha mawe," alisema. "Wote wameweka sita."

"Wote?"

"Hakuna hata mmoja aliyeweka la saba."

Msomaji akarudi kwenye maoni mapya, akayashusha chini, chini zaidi. Yalitoka kwa watu wa miji tofauti, wa umri tofauti, wasiojuana. Mwalimu. Dereva. Mwanafunzi. Mstari mmoja, kurasa kwa kurasa.

"Nimemwachia pa kupumulia."

"Nimemwachia pa kupumulia."

"Nimemwachia pa kupumulia."

Katikati yake palikuwa na ujumbe mrefu kidogo, wa yule wa kwanza aliyeandika kuhusu kisima cha nyuma ya nyumba. Aliwashukuru kwa sasisho. Alisema ni kweli alikuwa amepanga kwenda, lakini sasa hakuna haja. Bibi kamwambia asijisumbue kutoka. Njia ameipata. Atakuja mwenyewe.

Msomaji hakuaga mtu. Alishuka ngazi akikimbia, akapita duka la mapazia, akapita sokoni, akipiga simu ya nyumbani. Iliita bila kupokewa. Iliita tena. Mara ya tatu ilipokewa, na akasikia vijiko, vikombe, mtu akivuta kiti. Kisha ikakatwa.

Jua lilikuwa linatua alipofika kizingitini. Nyumba ilikuwa imewashwa taa zote. Baraza ilikuwa imefagiwa, na toka mlangoni hadi ndani, kwenye sakafu, nyayo zenye maji zilikuwa zikielekea sebuleni. Nyayo ndogo, za mtu mzee, anayetembea kwa haraka.

Zilizoingia tu. Hakukuwa na zilizotoka.

Alisimama pale, mkono juu ya kitasa. Ndani, mama mkwe alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, ya raha, kama anavyozungumza akipata mgeni anayempenda. Mazungumzo yakakatika ghafla. Walikuwa wamezisikia ndala zake.

"Usiogope," mama mkwe alimwambia mtu. "Huyo ni mkwe wangu. Ni mpole. Atakuzoea."