Usiwashe Ile Simu ya Zamani

Majirani walimwita Bi Tepu kwa sababu tepu ya kupimia haikutoka shingoni mwake. Hata sokoni alikwenda nayo. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana yake: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, na kompyuta ndogo juu ya kabati la nyuzi. Mumewe alikuwa fundi wa kupiga lipu. Asubuhi aliuacha mlio wa cherehani, jioni akaukuta palepale.

Bi Tepu alifundishwa kushona na mama yake, ambaye sasa ni marehemu. Mama huyo aliacha daftari la kurasa sitini na nne. Kila ukurasa ulikuwa na mchoro wa nguo na jinsi ya kuikata. Kulikuwa na suruali ya mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Kulikuwa na gauni la mtu mwenye kibiongo, likamkaa vizuri hata asitazamwe mara mbili. Michoro ile hakuwa nayo fundi mwingine.

Siku moja paa lilivuja. Daftari likalowa, likaota ukungu. Bi Tepu akapiga picha kila ukurasa kwa simu, kisha akalitupa. Hakuwa na wasiwasi, kwa sababu kila picha ya simu ilijitokeza yenyewe kwenye kompyuta.

"Ninazo mahali pawili," alimwambia mumewe.

Yashike maneno hayo, msomaji. Ndiyo yaliyomponza.

Asubuhi moja simu iligoma. Ilisema imejaa. Sasa, Bi Tepu ni mtu wa usafi kupita kiasi. Kwake hata kipande cha uzi hakilali sakafuni. Akafuta picha zote za daftari kwenye simu, maana si zimo kwenye kompyuta? Kisha akaliona pipa la taka la simu limejaa, akalimwaga nalo. Simu ikawa nyepesi, na yeye akaendelea na kazi huku akiimba.

Saa nne akaja mteja wake wa siku nyingi. Binti wa mteja huyo alikuwa na kibiongo, na Jumatatu alikuwa anaanza kazi ya ualimu. Alitaka gauni la kusimama nalo mbele ya darasa. Bi Tepu alitabasamu, akafungua kompyuta autafute ukurasa wa mama.

Folda ilikuwa tupu.

Akaifunga, akaifungua. Tupu. Akazima kompyuta, akaiwasha tena. Tupu vilevile. Akakaa juu ya rundo la vitambaa, mdomo wazi. Mteja alidhani kuna msiba, na hakukosea sana. Bi Tepu alijisikia kama aliyefiwa na mama yuleyule kwa mara ya pili.

Alimpigia mumewe kazini, akamweleza huku analia. Kisha akachukua kompyuta kwapani na kukimbilia duka la mtaa wa nyuma. Mwenye duka alikuwa mwanamke mtulivu anayetengeneza simu na kompyuta. Watu walimwita Dada Bisibisi. Bi Tepu alifika na ndala mguu mmoja tu.

"Nimefuta kwenye simu tu," alisema. "Kompyuta sikuigusa. Nani ameiingilia?"

"Hakuna aliyeiingilia, dada yangu. Umefuta mwenyewe."

Bi Tepu akaifungua kompyuta, akamwonyesha folda tupu.

"Simu na kompyuta yako zilikuwa zinasawazishwa," Dada Bisibisi akamweleza taratibu. "Kazi ya usawazishaji ni kufanya vyombo viwili vifanane. Ukiongeza huku, kule panaongezeka. Ukifuta huku, kule panafutika. Ni kama kujitazama kwenye kioo. Ukivua kilemba, na yule wa kwenye kioo anavua."

"Kwa hiyo sikuwa na nakala?"

"Ulikuwa na kioo. Nakala ya akiba, ile tunayoita bekapu, haifuati mkono wako. Inakaa pembeni na tarehe yake. Ukikosea leo, yenyewe bado ina ya jana."

Akauliza kuhusu pipa la taka, kwa kuwa picha iliyofutwa hukaa humo siku kadhaa kabla ya kupotea. Bi Tepu akasema amelimwaga. Dada Bisibisi akauliza kama kuna chombo kingine kilichowahi kupokea picha zile.

Kilikuwepo. Simu ya zamani iliyopasuka kioo, ile aliyopigia picha za daftari, kwenye droo ya vifungo. Haikuwa na laini, na ilikuwa imezimwa mwaka mzima.

"Basi hiyo haijapata habari kwamba umefuta," alisema Dada Bisibisi. "Picha bado zimo. Lakini ikiwaka na kupata intaneti, itapewa amri ileile. Usiwashe ile simu mpaka nifike."

Nyumbani kulikuwa na waifai. Na mumewe alikuwa amesema anarudi kumsaidia. Bi Tepu akampigia.

"Tulia, mama watoto," mume alisema kwa furaha. "Nimeikumbuka simu yako ya zamani. Nimeichomeka, imewaka. Picha za mama ninazo mbele yangu. Lakini mbona zinapungua?"

"Ng'oa waya wa waifai!" Dada Bisibisi, ambaye hapazi sauti hata kwa mwizi, alipiga kelele mtaa mzima ukasikia.

Kikasikika kishindo.

"Nimeng'oa," mume akasema. "Na kipande cha ukuta kimekuja. Nitapiga lipu."

Dada Bisibisi alifika, akanakili picha zilizobaki kwa waya. Zilikuwa arobaini na saba. Kurasa kumi na saba zilikuwa zimekwenda, na ukurasa wa kibiongo ulikuwa mmojawapo. Mume hakuweza kumtazama mkewe. Bi Tepu naye hakumlaumu, kwa kuwa alijua nani aliyeanza.

Siku hiyohiyo walinunua diski ya nje. Sasa kila Ijumaa Bi Tepu anaichomeka, ananakili, anaandika tarehe, anaichomoa. Inakaa nyumbani kwa dada yake, ambako paa halivuji. Kila mwezi anafungua ukurasa mmoja kutoka kwenye diski na kukata nguo kwa kuufuata. Alifundishwa hivyo: nakala usiyoifungua huna uhakika nayo. Majuzi alifuta folda ya kola kwa bahati mbaya. Akaenda kwa dada yake, akairudisha.

Na lile gauni? Mteja alirudi na sare ya shule ya binti yake, ya utotoni, iliyoshonwa na mama yake Bi Tepu. Bi Tepu aliifumua mshono kwa mshono, akavitandaza vipande mezani, akauchora upya ukurasa. Jumatatu yule binti alisimama mbele ya darasa, na watoto wakatazama ubao.

Zimebaki kurasa kumi na sita. Akiingia mtu na nguo ya zamani, Bi Tepu huitazama mishono kabla hajaitikia salamu.