Neno Moja Kwenye Fomu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimtungia mama yake uzi kwenye sindano ya cherehani huku akiongea bila kituo. Jina hilo la utani alipewa na mama mwenyewe.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Shingoni alikuwa na uvimbe wa tezi uliomfanya apumue kwa shida, na baada ya kungoja miezi saba, zamu yake ya upasuaji ilifika. Wodini, Chiriku alimjazia fomu kwa kuwa mama alikuwa amesahau miwani nyumbani.

"Mama, una mzio wowote?"

"Mzio? Mimi nakula kila kitu, hata chakula ulichokiunguza wewe!"

Wakacheka. Chiriku akaandika: Hakuna.

Punde akaja daktari mpasuaji, mwanamke mfupi, mcheshi. Alieleza kwamba angeketi kwenye mashine na kuiongoza mikono ya roboti.

"Nyuma ya tezi kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele," alisema. "Tukiviumiza, vidole hufa ganzi na kukakamaa. Kwa hiyo tutakudunga dawa ya rangi, ili vitezi ving'ae mbele ya kamera."

Mama akaitazama mikono yake. Fundi bila vidole atashona nini?

Chiriku naye alishtuka. Dawa ya rangi! Mwaka juzi mama alidungwa dawa ya rangi alipopigwa picha ya tumbo, uso ukamvimba, akashindwa kufungua macho. Na mwalimu wa sayansi aliwafundisha kwamba mzio si wa chakula tu. Hata dawa mwili huweza kuikataa. Lakini akisema, je, upasuaji ukiahirishwa? Aliogopa kwelikweli. Daktari alikwisha kufika mlangoni.

"Daktari, samahani! Nimekosea fomu!" Akamweleza yote.

"Wee mtoto, unataka nirudishwe nyumbani?" mama alifoka.

"Hurudi popote, mama," alisema daktari. "Dawa yetu ina madini ya iodini, kama ile iliyokuvimbisha. Ingeweza kukuua. Tutaiacha. Vitezi hivyo vina mng'ao wake hafifu, na kamera yetu inauona bila dawa yoyote."

Alasiri, baada ya upasuaji, daktari alirudi akitabasamu. "Vyote vinne viling'aa kwenye skrini. Viko salama!"

Kesho yake majibu ya damu yalionyesha kwamba vitezi vinafanya kazi vizuri. Mama alikunja ngumi, akakunjua vidole kimoja kimoja, vyote vyepesi. Chiriku alipiga vigelegele mpaka muuguzi akaja mbio.

"Unamwona huyu?" daktari alimwambia muuguzi, mkono wake begani kwa Chiriku. "Alikosea, akaogopa, na bado akasema. Kamera yangu huona hata punje iliyojificha shingoni, lakini kosa la kwenye fomu haiwezi kuliona. Hilo linamtaka mtu mkweli."