Vyeti Vilivyobaki kwa Mzee Osukuku

Jirani zangu wa Malaba, na nyinyi wa Busia mnaojiona wajanja kutuzidi, kaeni niwaambie ya nyumba ya Emong. Sote tunaokula kutokana na malori haya tunahusika.

Ilikuwa nyumba ya raha. Jumapili baada ya kanisa ungewakuta wamezunguka atap, ule ugali wetu wa wimbi na muhogo, Emong akimtania mkewe Akiteng: "Mwenye diploma anawe kwanza!" Emong huziba matairi ya malori. Akiteng alikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani, na alipokuwa na miaka thelathini na sita alirudi chuoni. Alisoma kila Jumamosi kwa miaka miwili hadi akapata diploma ya forodha. Emong aliwaambia wateja wake wote kwamba diploma hiyo imetundikwa ofisini kwa mkewe, ndani ya fremu. Hakuwa mwongo, maskini. Ndivyo alivyoambiwa.

Ukweli Akiteng alikuja kuniambia mimi, kwenye kibanda changu cha chai, macho yamemvimba.

Karo ililipwa na tajiri wake, Mzee Osukuku, mzee wa kanisa na mtu wa watu. Alimwambia, "Mimi nitakulipia, mama. Wewe niachie tu cheti chako cha Form Four, ile original. Ukimaliza chuo unifanyie miaka miwili, halafu chukua."

Akiteng hakuona ajabu. Na angeonaje? Hapa mpakani kila mtu huacha kitu. Dereva akiishiwa huacha leseni kwa mama wa chakula. Akiteng mwenyewe kila siku alipokea karatasi za madereva, akaziandika kwenye daftari, zikafungiwa mpaka mzigo ulipiwe. Wakilia, aliwaambia utaratibu ni utaratibu. Hata mimi wakati huo nilikuwa na leseni mbili za watu ndani ya mkebe wa majani ya chai.

Siku ya kufuzu, Mzee aliomba na diploma pia, "ikae pamoja na mwenzake." Akiteng akaitoa. Ningekuwepo ningemkanyaga mguu.

Miaka miwili ikapita, ikawa mitatu. Mshahara ulikuwa ule ule na likizo hakuna. Akilalamika anaambiwa, "Vyeti viko hapa, utaenda wapi?" Kisha kampuni moja ya Busia mjini ikamwita kwa mshahara maradufu, mradi alete vyeti halisi kabla ya Ijumaa kwisha. Binti yao Amoding alikuwa amemaliza Form Four na anangoja kwenda kusomea uuguzi. Kazi hiyo mpya ndiyo ingemlipia karo. Basi Jumatatu Akiteng akaingia kwa Mzee.

"Mzee, miaka yangu iliisha. Naomba karatasi zangu."

"Kwani nimezikula? Ziko salama kuliko kwako, pale mabati inavuja."

"Tulipatana miaka miwili, Mzee."

"Tulipatana wapi? Uko na barua?"

Hakuwa na barua.

"Basi rudi kwa kazi, mama. Malori iko kwa laini."

Nilimwambia, "Dada, ambia bwana yako. Mwende kwa chifu, mwende kwa pastor." Akatikisa kichwa. "Nitamwambia nini? Ile fremu ameimba Malaba yote." Nilimkasirikia, nasema wazi. Mtu anazama na bado anaogopa kulowesha nguo!

Ijumaa asubuhi Mzee akamtupia bahasha mezani. "Andika hii kwa daftari, halafu uniletee nifungie."

Bahasha ilikuwa imefungwa kwa utepe wa mpira wa tyubu. Malaba nzima, anayefunga kila kitu kwa mpira wa tyubu, tangu mfuko wa sukari hadi Biblia, ni mtu mmoja. Akiteng akaifungua. Ndani kulikuwa na cheti cha Form Four cha Amoding.

Akampigia mumewe simu.

"Amekuonyesha?" Emong alikuwa anacheka. "Tulitaka kukusapraiz! Nimempelekea saa hii. Mzee amesema atalipia mtoto vile alikulipia wewe. Huyu mtu ni Mungu alitupatia!"

Akiteng alikata simu. Akairudishia bahasha mpira wake, akaitia ndani ya blauzi, akasimama.

"Mama, hiyo unapeleka wapi?" Mzee akamuuliza.

"Nyumbani."

"Ukitoka na hiyo, zako usiniulize tena. Na kazi usirudi."

Nilimwona akivuka barabara kati ya malori, bila mkoba, bila hata sweta yake. Alikwenda moja kwa moja kwa mumewe, akampa bahasha, akamweleza yote mbele ya wateja. Emong akaliweka chini tairi alilokuwa nalo. Kisha akauliza, "Kwani hakuna fremu?"

Chifu amemwita Mzee mara tatu, na mara tatu Mzee amesafiri. Akiteng, mwenye diploma ya forodha, sasa anakaanga mandazi kando yangu. Akiinua macho analiona dirisha la ofisi ile, na nyuma yake kabati lenye vyeti vyake. Amoding bado yuko nyumbani. Cheti chake kiko chini ya godoro la mama yake.

FUNZO

Kurudi shule ukubwani si aibu, na kulipiwa karo si aibu. Lakini cheti chenye jina lako hakiwekwi rehani, hata kwa mzee wa kanisa. Mpe nakala. Mapatano yaandikwe, na mashahidi wawepo.

Nawe tajiri, ukimsomesha mtu ili umfunge, hukumsaidia, umemnunua.

Tena mficha uchi hazai. Akiteng angesema mapema, Emong asingeipeleka bahasha ile kwa miguu yake mwenyewe.

Mimi zile leseni mbili nilizirudisha jioni ya Ijumaa ile ile. Dereva mmoja hajalipa chai yangu mpaka leo. Na aende tu salama.